Bata Ambaye Hakupata Mnunuzi

Leo ningependa tutafakari pamoja juu ya picha moja. Redio haionyeshi picha, nalijua hilo. Basi itanilazimu niichore kwa maneno, nanyi mnisaidie kwa kufumba macho kidogo, isipokuwa mwenye chungu motoni.

Picha yenyewe ni ya bata-mwitu wawili, dume na jike, waliochorwa kwa rangi za maji juu ya karatasi kubwa katika miaka ya 1830. Dume ana kichwa cheupe chenye mstari mweusi utosini, shingo nyeupe iliyofungwa kama kwa mkufu mweusi, mwili mweusi, na mabawa yenye weupe mwingi. Jike amevaa kijivu na hudhurungi, kama walivyo majike wa ndege wengi, ambao kazi ya kuatamia huwataka wasionekane. Mchoraji ni John James Audubon, na picha imehifadhiwa mjini New York, Marekani, na chama cha historia kilichoitwa New-York Historical Society, ambacho mwaka 1863 kiliinunua pamoja na michoro yake mingine ya ndege kutoka kwa mjane wake, Bibi Lucy.

Bata huyo, ambaye huitwa bata wa Labrador kwa jina la nchi ya baridi iliyo kaskazini-mashariki mwa Kanada, hayupo tena duniani. Wa mwisho anayejulikana kwa hakika aliuawa mwaka 1875. Zimebaki ngozi zake zilizojazwa, takriban 55, zilizotawanyika katika majumba ya makumbusho ya Amerika na Ulaya, na imebaki picha hii. Nimeichagua si kwa sababu ni nzuri, ingawa ni nzuri sana, bali kwa sababu ya swali linalojificha nyuma yake: imekuwaje wanadamu wakaujua kila unyoya wa kiumbe huyu, wasijue alivyoishi?

Niseme kwanza neno juu ya rangi zenyewe. Rangi za maji hutengenezwa kwa unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi ya mti, ile itokayo katika migunga ya Sudani na nchi jirani zake. Huyeyushwa kwa maji, kisha hupakwa kwa brashi. Ni kazi isiyosamehe. Anayechora kwa rangi za mafuta akikosea hufunika kosa lake kwa tabaka jingine. Bali rangi ya maji ikishanywewa na karatasi, imenywewa. Tena kuna jambo la weupe. Katika kazi ya namna hii weupe mara nyingi haupakwi: ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Mchoraji hana budi kujua tangu mwanzo ni wapi asiguse. Nadhani wako wachungaji wa watu, na wazazi, ambao wangefaidika kwa kujifunza kazi hii hata kama hawana kipaji cha kuchora.

Audubon alizaliwa mwaka 1785 huko Les Cayes, katika koloni la Ufaransa ambalo leo ni nchi ya Haiti. Akalelewa Ufaransa, na mwaka 1803 akavuka bahari kwenda Marekani. Azma yake ilikuwa kuwachora ndege wote wa Amerika Kaskazini kwa ukubwa wao halisi, ndogo kwa udogo wake na tai kwa ukubwa wake. Kazi hiyo ilichapishwa Uingereza kati ya mwaka 1827 na 1838, kurasa 435 za picha, kila ukurasa ukikaribia mita 1 kwa urefu. Zama hizo hapakuwa na kamera ya kumsaidia. Aliwaua ndege kwa bunduki, akawachoma waya mwilini, akawasimamisha mbele ya ubao wenye mistari ya mraba, akiwapa mkao wa kuruka, au wa kula, au wa kugombana, wapate kuonekana kana kwamba wako hai. Watu wa siku zetu wakisikia hayo hukunja uso. Lakini ndiyo iliyokuwa njia ya wataalamu wa wakati ule, na mkono wake ulikuwa wa ajabu.

Sasa sikilizeni jinsi alivyompata bata wetu. Hakumwinda. Alipewa wawili, dume na jike, na Daniel Webster, mwanasheria na seneta mashuhuri wa Marekani, ambaye alikuwa amewapiga risasi katika visiwa vya Vineyard, pwani ya Massachusetts. Audubon hakumchora ndege huyu akiwa hai, bali kutokana na hao wawili waliokwisha kufa. Kwa hiyo ile picha ambayo leo ndiyo macho yetu ya kumwonea bata wa Labrador ilichorwa mbele ya ndege waliokufa. Rangi ni za kweli na vipimo ni vya kweli, bali mkao ni wa kubuni. Ni ndege apigaye mbizi, na katika picha haonekani akipiga mbizi.

Hapo yafaa tueleze kidogo maana ya bata wa namna hiyo. Bata, tukisema kwa jumla, wako wa aina mbili kwa jinsi wanavyojitafutia riziki. Kuna wale wa juu juu, ambao huinamisha kichwa na kuinua mkia, wakachota chakula kwenye maji haba pasipo kuzama. Na kuna wapiga mbizi, ambao hutoweka mwili mzima, wakatafuta chini kabisa, na kuibuka mahali pengine usipopatarajia, kama mnandi na kibisi wanavyofanya katika maziwa yetu. Miguu ya wapiga mbizi imewekwa nyuma, karibu na mkia, kama rafadha ya meli. Kwa sababu hiyo chini ya maji ni hodari, lakini nchi kavu hutembea kwa kuyumba, kama mtu aliyeazima viatu. Wengi wao wakitaka kuruka hawawezi kujirusha ghafula. Hukimbia kwanza juu ya maji wakipigapiga mabawa, mpaka wapate kasi. Manyoya huyapaka mafuta kwa mdomo, mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia, na mafuta hayo pamoja na mpangilio wa manyoya yenyewe huzuia maji ya baridi yasifike kwenye ngozi. Nao bata wa baharini wana tabia moja ambayo ni hatari kwao wanapowindwa: huchelewa kuzaa. Wengi wao hawaanzi kutaga hata watimize miaka 2 au 3. Ukimwua mmoja aliyekomaa, pengo lake halizibwi mwaka ujao.

Na bata wa Labrador hasa? Mdomo wake ulikuwa mpana na bapa nchani, kingo zake laini, na ndani mlikuwa na vijimeno vyembamba vingi, kama vya kitana. Wataalamu wanaoutazama mdomo huo katika makumbusho wanakisia kwamba alikuwa akichuja konokono na kome wadogo kutoka kwenye mchanga na matope. Majira ya baridi alionekana katika ghuba za maji haba kutoka Nova Scotia mpaka New Jersey, na wawindaji wa Long Island walimwita bata wa fungu la mchanga. Wengine walimpa jina la mnyama mmoja wa kwao mweusi mwenye mistari myeupe, anayefanana na kicheche wetu. Kwamba alikula kome tunalo shuhuda moja lililo wazi, na ni la huzuni. Audubon anaandika juu ya fundi mmoja wa kujaza ndege, katika mji wa Camden, aliyekuwa na ngozi nyingi nzuri za bata huyu, na wote walikuwa wamenaswa kwa namna moja: kamba ndefu yenye ndoana nyingi, iliyotiwa chambo cha kome, ikatoswa futi chache chini ya maji. Bata alizama kutafuta chakula chake cha kila siku, akameza ndoana.

Hayo ndiyo karibu yote yanayojulikana. Alitaga mayai mangapi, aliatamia siku ngapi, sauti yake ilikuwaje, dume alimposaje jike, hakuna aliyeandika kwa uhakika. Hata mahali alipojenga kiota ni kwa kukisia.

Mwaka 1833 Audubon alisafiri kwa merikebu mpaka pwani ya Labrador yenyewe. Mwanawe, John, alionyeshwa viota vilivyoachwa juu ya miti mifupi ya misonobari, akaambiwa kwamba ni vya bata huyu. Wataalamu wa leo wanatilia shaka habari hiyo. Lakini jambo jingine alilolikuta huko Audubon halina shaka, na lilimtia uchungu. Alikuta wakusanyaji wa mayai. Hawa walikuwa watu waliozunguka visiwani kwa mashua, wakashuka penye makoloni ya ndege wa baharini, wakaponda kwa miguu kila yai walilolikuta siku ya kwanza. Kwa nini waponde? Ili ndege watage upya, nao wakirudi baada ya siku chache wapate mayai mabichi ya kuuza. Aliambiwa kwamba watu 4 kutoka Halifax walikuwa wamekusanya msimu huo karibu mayai 40,000, wakayauza senti 25 kwa dazeni. Mengi hayakuwa mayai ya bata wa Labrador, bali ya ndege wengine. Hata hivyo mguu wa mwenye kuponda haukuchagua.

Turudi sasa mjini New York, katika soko la Fulton. Yupo mtaalamu wa ndege wa mji huo, George Lawrence, ambaye uzeeni aliulizwa kumbukumbu zake juu ya bata huyu aliyekwisha kupotea. Akasema kwamba miaka mingi kabla ya hapo haikuwa ajabu kuwaona sokoni. Anakumbuka siku moja aliwaona madume 6, wazuri sana, wametundikwa. Nao walining'inia pale mpaka wakaoza, kwa kuwa hapakuwa na mnunuzi. Nyama yake haikupendwa mezani. Nao wakusanyaji wa ndege, ambao pengine wangewanunua kwa ajili ya makumbusho, walikuwa wameridhika: siku hizo mtu akiwa na jozi moja, dume na jike, alihesabu kwamba ndege huyo anaye.

Ndugu zangu, habari hii imenishika kuliko nyingine zote. Tumezoea kufikiri kwamba viumbe humalizwa na tamaa. Tembo humalizwa kwa ajili ya pembe, kifaru vivyo hivyo. Hilo tunalielewa, kwa maana mwizi twamjua na alichotaka twakijua. Lakini bata huyu hakuna aliyemtamani sana. Hakuwa na nyama nzuri, hakuwa na adui aliyeapa kumwangamiza. Wataalamu hawajakubaliana hata leo juu ya kilichommaliza: wako wanaotaja bunduki, wako wanaotaja mayai, wako wanaosema kwamba watu walipoongezeka pwani, kome aliowategemea walipungua. Bila shaka mambo hayo yalishirikiana. Ila juu ya yote lilikuwapo hili, kwamba alitoweka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitazama kitu kingine. Walipogutuka kuuliza yuko wapi, miaka ilikuwa imepita. Sheria kubwa ya Marekani ya kuwalinda ndege wahamao ilikuja mwaka 1918, miaka 43 baada ya yule wa mwisho.

Katika Injili kuna hesabu moja ambayo mara nyingi tunaisoma haraka mno. Mathayo anataja bei ya mashomoro: wawili kwa sarafu moja ndogo. Luka naye anataja bei: watano kwa sarafu mbili. Mama yeyote aendaye sokoni ameshaona kilichotokea. Sarafu mbili ni mashomoro wanne. Huyo wa tano ametupiwa juu, ni nyongeza, kama vile muuza dagaa anavyoongeza kiganja ili mteja arudi kesho. Shomoro wa tano hana bei kabisa. Na Bwana anasema kwamba hata mmoja wao hasahauliwi mbele za Mungu. Angeweza kutoa mfano wa tai au wa njiwa wa sadaka, waliokuwa na heshima na bei yao inayojulikana. Akamchukua yule ambaye soko limemtoa bure.

Sasa naomba tusikimbilie kusema, ni kweli, Mungu hawasahau, basi imetosha. Swali la asubuhi hii ni letu sisi. Katika kigango chako, shomoro wa tano ni nani? Yupo mzee akaaye benchi la nyuma karibu na mlango, ambaye mchango wake ni mdogo mno hata mweka hazina huuandika bila kuuliza jina. Yupo kijana asiyesikia, anayekuja na mama yake, husimama watu wanaposimama na kuketi wanapoketi, na tangu alipobatizwa hapana mwalimu wa dini aliyejaribu kujifunza hata ishara 10 za mikono ili aongee naye. Yupo binti wa kazi, aliyeletwa mjini na watu wa jumuiya yetu wenyewe. Kila Jumamosi jumuiya inaposali nyumbani kwao, yeye yuko jikoni. Wote hawa wamo katika daftari. Tunao dume, tunao jike, tumeridhika kwamba tunao.

Halafu siku moja mmoja wao hufa. Hapo ndipo sisi nasi tunapogeuka kuwa wachoraji hodari. Tunatafuta picha yake, na mara nyingi ni ile ya kitambulisho, tunaikuza na kuitia fremu. Tunamvika suti ambayo hakuwahi kuvaa. Anateuliwa msomaji mwenye sauti, anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, ameacha mjane, watoto 5 na wajukuu 11. Watu wanaosikiliza hunong'onezana: kumbe alikuwa fundi wa kusuka mitego ya samaki? Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuzia ng'ombe wa misheni enzi zile za ukame? Kumbe alijua kusoma Kilatini? Vipimo vyote ni vya kweli na rangi zote ni za kweli. Nasi hatukuwahi kumwona akipiga mbizi.

Sisemi kwamba wasifu usisomwe, wala kwamba picha isitiwe fremu. Ile picha ya Audubon ingalikosekana, tungalikuwa maskini zaidi. Nasema tu kwamba mwenye kuitazama kwa dakika nyingi huanza kuona zile waya.

Na kwa kuwa tumemtaja sana mchoraji huyu, haki inadai tuseme na hili, maana wasikilizaji wa pwani yetu, ambao mababu zao walijua maana ya kuuzwa sokoni, wana haki ya kulisikia. Audubon alimiliki watumwa. Mwaka 1819 aliteremka mto Mississippi kwa mashua mpaka New Orleans pamoja na wanaume wawili aliokuwa akiwamiliki. Alipofika, akaiuza mashua, akawauza na wao. Jicho lililoweza kuhesabu manyoya ya bawa la bata liliwatazama watu wawili waliopiga makasia mbele yake siku nyingi, na likaona mali. Siku hizi huko Marekani watu wanabishana kama jina lake liendelee kuitwa katika vyama vya kuhifadhi ndege. Chama kikubwa chenye jina hilo kiliamua mwaka 2023 kulibakiza, na matawi yake kadhaa yakaamua kuliacha. Mimi sina kura katika jambo hilo. Ninaloliona ni kwamba kipaji cha kutazama hakimpi mtu moyo wa kuona. Yawezekana kuwa na jicho kali kama lile na bado ukapitwa na jirani yako. Naliogopa jambo hili hasa kwa sisi ambao kazi yetu ni maneno matakatifu, makatekista na mapadre, tunaoweza kufafanua kila mstari wa mfano wa Msamaria, tukiwa tumechelewa kwa sababu ya mtu mwenye shida tuliyempita njiani.

Huenda mtu akasema: Baba, bata wa Labrador ni wa mbali, na mambo yake yalipita kabla ya babu zetu. Basi njooni karibu. Katika maziwa ya Momella, mlimani Meru, na katika ziwa Naivasha nchini Kenya, yupo bata mdogo mpiga mbizi. Dume, wakati wa kuzaa, ana mwili wa rangi ya kahawia nyekundu, kichwa cheusi, na mdomo wa buluu ambao ukiuona mara ya kwanza utadhani mtoto ameupaka rangi kwa mchezo. Mkia wake ni mgumu, na mara nyingi huuinua wima. Huzama akatafuta vijidudu vya matopeni. Nyama yake haina sifa. Wenyeji wengi hawana jina la kumtenga na bata wengine. Amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na miongoni mwa mambo yanayompunguza ni nyavu za wavuvi: huzama kutafuta chakula, akanaswa, akafa maji. Hakuna mvuvi aliyemtega yeye. Anapokunjua wavu wake asubuhi na kumkuta, humtupa, maana hana mnunuzi.

Kwa hiyo nawaomba makatekista mnaonisikiliza, hasa ninyi wa vigango vilivyo kando ya maziwa na mabwawa, mfanye jambo dogo. Mnapofundisha watoto habari ya uumbaji, na jinsi Adamu alivyoletewa kila mnyama amwite jina, msiishie ubaoni. Wapelekeni majini kwa saa moja. Wasichukue manati. Kila mtoto amchague ndege mmoja, amtazame: anakula nini, anazama kwa hesabu ya ngapi, anaibukia upande gani, anamwita mwenzake kwa sauti gani. Wakirudi, waandike. Kwa maana Adamu hakupewa orodha ya majina akariri. Aliletewa kiumbe akiwa hai, asimame mbele yake na kumtazama kwanza. Na Jumapili inayofuata wapeni kazi ile ile, lakini safari hii wasiende majini. Waende kwa mzee yule wa benchi la nyuma, wamwulize alivyokuwa akisuka mitego.

Nimalizie habari ya bata, kwa kuwa iko sehemu ambayo sijaisema. Katika makumbusho kadhaa ya Ulaya yalikuwapo mayai 9 yaliyohifadhiwa kwa miaka mingi kama mayai ya bata wa Labrador. Kwa ndege ambaye kiota chake hakijulikani, mayai hayo yalikuwa hazina. Ndipo wataalamu wakaweza kuyapima kwa chembe za urithi zilizobaki ndani ya maganda, na matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Hata moja halikuwa lake. Yalikuwa ya bata wengine wa kawaida, ambao hata leo wanaogelea katika bahari za kaskazini.

Na ile michoro iliponunuliwa kwa mjane, mwaka 1863, bata wa Labrador alikuwa bado hai. Picha yake ilichukuliwa kwa uangalifu, ikawekwa mahali pa salama, pasipo jua wala unyevu, katika mji wa New York. Pwani ya Long Island iko jirani kabisa na mji huo. Huko, katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1875, mtu mmoja alimpiga risasi bata mmoja, pengine bila kujua ni bata gani. Alikuwa dume mchanga, ambaye vazi lake jeupe na jeusi lilikuwa halijakamilika.